Jiwe la Msingi la Pigano la Mwisho

Anayetaka kusikia na asogee. Asiyetaka akae alipo, maana katika nchi ninayoisimulia hata asiyesikia huandikwa kwamba alisikia na akapiga makofi. Jina la nchi yenyewe silitaji. Si kwa woga. Ni kwamba jina lake jipya liliwekewa jiwe la msingi mwaka juzi na mpaka leo halijakamilika.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ada yao. Hakuna jambo lililoruhusiwa kutokea kabla halijawekewa jiwe. Hospitali, jiwe. Daraja, jiwe. Mto ambao daraja lingepita juu yake, nao jiwe lake. Mkubwa alikuja na msafara, akavuta kamba, pazia likaanguka, watu wakashangilia, soda zikanywewa meza kuu, na kuanzia saa hiyo kitu kilihesabiwa kuwa kipo. Mgonjwa aliyekwenda hospitali akakuta jiwe na mbuzi wanne alishauriwa apunguze ubishi. Juu ya lango la Idara ya Mawe ya Msingi kulikuwa na maneno mawili ambayo watoto wa shule waliyaimba kila asubuhi: JIWE HALIKOSEI.

Aliyeyachonga mawe hayo aliitwa Fundi Ngwali. Alikuwa mtu mfupi, nyusi zimejaa vumbi la chokaa, na hakuwa na imani na kitu chochote, hata ngazi aliyoitengeneza kwa mikono yake. Msimlaumu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiyajua mambo ya nchi kabla hayajatokea, na mtu wa namna hiyo akipewa habari njema huanza kwa kujipapasa mifukoni. Alikuwa amechonga mawe mia mbili na kumi. Katika hayo yote, alijua kwa hakika kwamba ni mambo matatu tu yaliyokamilika: gereza kubwa, gereza dogo, na ukuta unaoyaunganisha.

Wakati huo nchi ilikuwa vitani. Vita vilipiganwa mbali, katika Jangwa la Mfukuto, na viliitwa Operesheni Fagia Mchanga. Kila baada ya miezi michache redio ilitangaza kwamba adui amefurushwa kutoka kisima kimoja akakimbilia kingine, mpaka sasa, mwaka wa nne, alikuwa amebanwa Kisima cha Saba, na baada ya hapo ramani ya jeshi ilikuwa imeisha. Adui mwenyewe hakuna raia aliyewahi kumwona. Kilichotekwa katika miaka yote hiyo kilikuwa kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Kiliwekwa makumbusho chini ya ulinzi mkali, kwa sababu waliokisogelea sana waliona kwenye soli chapa ya bohari la jeshi la nchi hiyo hiyo.

Huko jangwani ndiko alikokuwa Vuai, mtoto pekee wa Fundi Ngwali. Vuai alikuwa ametumwa dukani na mama yake, Bi Mize, akanunue chumvi. Dukani alikuta lori la jeshi, na lori halikumuuliza ametumwa na nani. Kilichorudi nyumbani kilikuwa barua ya kuwapongeza wazazi kwa kumtoa kijana wao kwa hiari. Tangu siku hiyo Bi Mize alipika bila chumvi. Majirani walimletea, akairudisha. "Chumvi ya nyumba hii ina aliyetumwa," alisema, na Fundi Ngwali akala chakula chapwa miaka miwili bila kunung'unika.

*

Ijumaa moja asubuhi mwanajeshi mwenye miwani ya jua aliingia karakana, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Wewe ndiye Fundi Ngwali?"

"Ndiye, Afande."

"Una uhakika?"

Fundi Ngwali alifikiri. Katika nchi ile lilikuwa swali la kufikiriwa. "Mpaka asubuhi hii, ndiyo."

Mgeni alikuwa Kapteni Bungala wa Idara ya Usikivu, idara iliyopewa kazi ya kuwasikia wananchi hata kabla hawajasema. Alitoa bahasha ya hati ya jiwe, yenye mihuri mitano, akaiweka juu ya meza na kuishikilia kwa kidole kama inaweza kutoroka.

"Alhamisi ijayo litapiganwa Pigano la Mwisho, Kisima cha Saba," akasema. "Jiwe lake la msingi litafunuliwa Jumanne na Mtukufu Jemadari wa Maisha, yeye mwenyewe."

"Mungu atujalie," akasema Fundi Ngwali. Ndilo neno alilolitumia kila alipokuwa hajui aseme nini.

"Safu mbili. Kulia mashujaa waliotoa roho zao. Kushoto wageni rasmi waliohudhuria. Arobaini na mmoja huku, arobaini na mmoja huku. Meza kuu ina viti arobaini na kimoja, na Mtukufu hapendi jiwe lenye upande mmoja mrefu."

"Afande, niwie radhi. Pigano ni Alhamisi. Hawa waliokwisha kutoa roho wamejulikanaje?"

"Wamepangwa. Vita vya miaka minne haviwezi kwisha bila mashujaa. Tutawaambia nini watalii?"

"Na adui naye ameikubali idadi hiyo?"

"Adui hahusiki," akasema Kapteni Bungala. "Hilo ni suala la ndani."

Neno hilo lilimkaa Fundi Ngwali sikioni. Lakini Kapteni alikwisha kuvuta kigoda, akakigeuza kuelekea ukutani, akakaa ameipa kazi mgongo. Sheria ndivyo ilivyotaka. Jicho la mtu halikuruhusiwa kuliona jiwe kabla ya jicho la Mtukufu; kuliona mapema kulihesabiwa kuwa ni kumtangulia mkubwa. Mchongaji peke yake alisamehewa, tangu fundi aliyekuwapo zamani alipojaribu kuchonga akiwa amefungwa kitambaa machoni na akachonga kidole chake. Kwa hiyo Kapteni aliyeletwa kulinda jiwe lisiharibiwe alilinda ukuta, na kuhusu jiwe alihesabu mapigo ya nyundo. Wataalamu wa Idara ya Usikivu walikwisha kukadiria: hati nzima ilikuwa mapigo elfu kumi na mbili, mia nne na sita. Yakizidi, kuna neno limeongezwa. Yakipungua, kuna neno limefichwa.

"Anza," akasema Kapteni, na kuchonga kalamu yake.

*

Fundi Ngwali alikuwa na utaratibu wake. Majina aliyachonga kwanza, vichwa vya safu akaviacha mpaka siku ya mwisho, kwa sababu wakubwa hawakuchoka kuvibadili. Leo "mashujaa", kesho "mashujaa watukufu", keshokutwa "mashujaa watukufu chini ya uongozi wa". Alikuwa na mazoea mengine pia: hakusoma alichokichonga. Alikwenda herufi moja moja, kama mtu anayechambua mchele, maana fundi anayeyasoma mawe ya serikali hapati usingizi.

Siku ya kwanza alimaliza safu ya kushoto, ya wageni rasmi: Mtukufu Jemadari wa Maisha, mawaziri, wakuu wa idara, mashemeji wa wakuu wa idara. Siku ya pili akaingia safu ya kulia. Makuruta walichongeka haraka, hawakuwa na vyeo zaidi ya hicho. Jina la kumi na saba lilianza kama mengine. Alipita herufi nne za jina la kwanza, akaanza jina la baba wa huyo kuruta, na nyundo ikabaki hewani. Alikuwa anachonga jina lake mwenyewe.

Kuruta Vuai Ngwali.

"Mbona kimya?" Kapteni aliuliza ukuta.

"Jiwe lina mshipa, Afande."

"Mshipa haumo kwenye hesabu."

"Nauzunguka."

Aliendelea kwa sababu kimya kilikuwa hatari kuliko kelele. Alilichonga jina la mwanawe mpaka herufi ya mwisho. Alitaka kulia, lakini aliyekuwa nyuma yake alikuwa mtu wa kuhesabu sauti.

Mwanzoni alijaribu kujipa moyo. Jiwe la hospitali halikuleta hospitali. Jiwe la uwanja wa ndege halikuleta hata kunguru. Kwa nini jiwe la pigano lilete pigano? Alhamisi itafika, pigano litaonekana halipo, watu wataambiwa wapunguze ubishi, na Vuai atarudi. Ilikuwa hoja nzuri, nayo ilimtosha kwa majina manne. Kisha akakumbuka gereza kubwa, gereza dogo na ukuta. Serikali ile haikuwa mvivu kabisa. Ilikuwa na mambo yake iliyokuwa ikiyamaliza. Na adui, Kapteni alisema, hahusiki.

Jioni nyumbani Bi Mize alimtazama akila.

"Baba Vuai, leo umenawa mikono mara tatu."

"Vumbi, mama Vuai."

"Miaka ishirini na sita unalo vumbi hilo, na hujawahi kunawa zaidi ya mara moja." Alikusanya vyombo. "Sikuulizi. Lakini usidhani sioni."

Hakumwambia. Angemwambia nini? Kwamba mwanao amepangwa? Alilala chali, akaikodolea macho dari ambayo pia hakuiamini.

*

Jumatatu vilibaki vichwa viwili tu. Kulia, juu ya makuruta: MASHUJAA WALIOTOA ROHO ZAO KISIMA CHA SABA. Kushoto, juu ya wakubwa: WAGENI RASMI WALIOHUDHURIA NA KUPATA VIBURUDISHO. Na chini, katikati: PIGANO LA MWISHO, ALHAMISI.

Fundi Ngwali aliitazama hati. Akalitazama jiwe. Akautazama mgongo wa Kapteni, mgongo mpana wa mtu anayekula vizuri na kulala vibaya.

Kufuta jina asingeweza, mapigo yangezidi. Kuliruka lilikuwa jambo lililopita. Lakini hakuna mtaalamu wa Idara ya Usikivu aliyewahi kukadiria ni upande upi wa jiwe pigo linatokea. Kisha akakichonga kichwa cha kulia kushoto, na cha kushoto akakichonga kulia. Hakuongeza herufi, hakupunguza.

"Elfu kumi na mbili, mia nne na sita," akasema Kapteni Bungala alipomaliza, kwa sauti ya mtu aliyejifungua salama. "Sawasawa kabisa. Lifunike."

Fundi akalifunika. Kapteni akageuka, akaweka saini cheti kinachothibitisha kwamba jiwe halina kosa, akakipiga muhuri mara mbili, wa pili kwa ajili ya kuuthibitisha wa kwanza.

*

Jumanne uwanja ulijaa. Waliokuja kwa hiari walikaa mbele, na walioletwa kwa malori walikaa nyuma, wakiwa wamefungiwa geti ili hiari isiwatoke. Mtukufu Jemadari wa Maisha alisimama na medali zake, ambazo zilikuwa nyingi kiasi kwamba alikuwa na mtu wa kumsaidia kukaa.

"Ndugu wananchi," akasema, "ziko nchi zinazopigana kwanza, halafu ndiyo zikajenga mnara. Hizo ni nchi zisizo na mipango! Sisi tumeshinda Alhamisi ijayo!"

Watu walishangilia. Akavuta kamba, pazia likaanguka, na kwa mujibu wa itifaki Mtukufu akaligeuzia jiwe kisogo ili apigwe picha. Msomaji Mkuu wa Mawe akasogea kwenye kipaza sauti. Huyu alikuwa na kipaji adimu: aliweza kusoma chochote bila kusikia anachosoma. Redio ilikuwa inarusha moja kwa moja mpaka vijijini.

"Mashujaa waliotoa roho zao Kisima cha Saba," akanguruma. "Mtukufu Jemadari wa Maisha! Mheshimiwa Tego, Waziri wa Vita! Mheshimiwa Waziri wa Vyakula na Subira!"

Aliwasoma wote arobaini na mmoja. Makofi yalianza, yakapungua, kisha yakaanza tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana wa kwanza kuacha. Meza kuu walikuwa wakitabasamu wamekaza midomo. Msomaji akavuta pumzi, akahamia safu ya pili, akawakaribisha wageni rasmi waliohudhuria na kupata viburudisho: kuruta huyu, kuruta yule, Kuruta Vuai Ngwali.

Fundi Ngwali alikuwa amesimama nyuma ya nguzo. Alipolisikia jina hilo likisomwa pamoja na viburudisho, alikaa chini kwenye mchanga.

*

Wakubwa waliingia ndani ya hema wakakaa kikao cha dharura. Tunayajua yaliyosemwa kwa sababu katika nchi ile hakuna kikao kisicho na muhtasari.

Mtukufu alitaka mchongaji aletwe akiwa vipande. Kapteni Bungala, ambaye alijua kwamba kipande kinachofuata kingekuwa chake, alitoa cheti. Mapigo yalikuwa sawasawa. Kama kuna kosa, alisema kwa heshima, basi lilikuwa kwenye ofisi ya aliyeitia hati saini. Hati ilikuwa na saini ya Mtukufu.

"Tuseme jiwe limekosea," akapendekeza Waziri wa Vyakula na Subira.

Mwanasheria Mkuu alisimama haraka. "Waheshimiwa, tusicheze. Hospitali ziko wapi? Kwenye mawe. Daraja? Kwenye jiwe. Uchaguzi uliopita? Kwenye jiwe. Jiwe moja likikosea, kesho watu watakwenda kuyauliza na mengine."

Waziri wa Vyakula na Subira akaketi.

"Na isitoshe," akaendelea, "jiwe limesema mtatoa roho. Halikusema mzitoe siku moja. Nendeni Alhamisi Kisima cha Saba, muonekane mahali pa pigano, mpigwe picha, mrudi. Roho mtazitoa baadaye, kwa awamu."

Neno "awamu" liliwatuliza wote. Azimio likapita. Malori yakatumwa usiku ule ule kuwafuata wale makuruta arobaini na mmoja, kwa kuwa jiwe lilisema wamehudhuria. Mpaka wafike, wananchi waliombwa wabaki walipokaa na waendelee kufurahi.

Mheshimiwa Tego, Waziri wa Vita, peke yake hakupiga makofi. Muhtasari unasema alionekana kuwa na jambo, lakini alipoulizwa akasema hana.

*

Makuruta walifika Jumatano adhuhuri. Walishuka malorini wakiwa rangi ya mchanga, wakaonyeshwa meza kuu, wakakaa kwenye viti vya velveti kila mmoja akikagua kwanza chini ya kiti. Wakaletewa wali, kuku, na makreti yote ya soda yaliyoandaliwa kwa ajili ya wakubwa. Jiwe lilisema viburudisho walivipata wao.

Fundi Ngwali alipenya mpaka akafika. Mwanawe alikuwa amekonda, midomo imepasuka, na alikuwa ameshika chupa ya soda akiigeuza juani kukagua kizibo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alitaka kumkumbatia, akaishia kumpangusa mchanga begani, mara nyingi kuliko ulivyokuwapo. "Uko salama? Adui yukoje huko?"

Vuai alitazama huku na huku. "Adui gani, baba? Miaka miwili sijamwona. Kisima cha Saba hakina mtu. Hakina hata maji. Tuko sisi na pipa."

"Pipa gani?"

"Wiki iliyopita waliteremsha pipa la maji limepigwa muhuri. Amri: msiliguse mpaka Alhamisi, siku ya pigano, ndiyo mnywe wote pamoja kwa afya ya Mtukufu. Sisi tunapewa vikombe viwili kwa siku, na pipa zima limekaa pale linatutazama. Punda wa kikosi hakujua amri. Aling'oa kizibo, akanywa."

"Ikawaje?"

"Tulimzika kabla ya adhuhuri."

Fundi Ngwali alisogea karibu zaidi. "Hamkutoa taarifa?"

"Tulitoa. Makao makuu wakajibu kwamba punda hakuwa kwenye orodha, na kwamba kizibo kirudishwe mahali pake. Tulitaka kulimwaga, lakini kumwaga mali ya jeshi ni kosa la risasi. Tukawa tunabishana tufe kwa lipi." Akaigeuza tena chupa. "Halafu malori yakaja. Sijui ni nani aliyetukumbuka."

Baba yake akampangusa begani tena. Suala la ndani, Kapteni alisema. Sasa alilielewa lote, na alipolielewa akakumbuka ni akina nani wanaokwenda huko kesho, na kwamba soda zote zilikuwa zinaishia hapa mezani.

Angeweza kunyamaza. Nasema kweli, alitamani kunyamaza, na ni nani angemlaumu? Lakini alichokitaka yeye kilikuwa mwanawe, hakutaka roho ya mtu. Alikwenda akamtafuta Kapteni Bungala, akamkuta nyuma ya hema.

"Afande, wakubwa wakifika kisimani wasinywe maji ya lile pipa."

Kapteni alivua miwani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Fundi kuyaona macho yake, na yalikuwa macho ya mtu aliyechoka sana.

"Fundi, habari ya pipa ni siri ya vita. Raia anayeijua ni msaliti, na ofisa anayeisikia kwa raia ni msaliti mwenzake. Unaijua?"

Fundi Ngwali alitazama meza kuu, alipokaa Vuai.

"Siijui."

"Hata mimi siijui." Kapteni akavaa miwani. Alipoanza kuondoka akasimama, bila kugeuka. "Mapigo nilihesabu sawasawa, au sivyo?"

"Sawasawa kabisa, Afande."

"Basi."

*

Alhamisi msafara wa magari meusi uliingia Jangwa la Mfukuto. Kwenye kibao kilichoandikwa MEDANI madereva walisimama. Majina yao hayakuwa kwenye jiwe, kwa hiyo hawakuwa na idhini ya kuingia kwenye pigano. Waliwateremsha wakubwa wote arobaini na mmoja pamoja na mpiga picha na mwandishi wa muhtasari, ambao walikuwa na vibali maalumu, wakarudi kuwasubiri kivulini mpaka jioni.

Kutoka kibaoni mpaka kisimani ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa mtu mwenye viatu vya mchanga. Waheshimiwa walikuwa na viatu vya ngozi. Muhtasari nausoma kama ulivyo.

*Agenda ya 1: Kufungua kikao.* Mtukufu alifungua kikao na kuwashukuru wajumbe kwa kufika. Alilipongeza jeshi kwa kumfukuza adui kabisa, asibaki hata mmoja.

*Agenda ya 2: Picha.* Zilipigwa. Mpiga picha aliomba ruhusa ya kurudi kwa madereva, akaruhusiwa.

*Agenda ya 3: Kiu.* Wajumbe waliulizia viburudisho. Walijulishwa kwamba vilikwisha kutolewa kwa wageni rasmi. Ndipo ilipobainika kwamba lipo pipa.

*Agenda ya 4: Pipa.* Mheshimiwa Tego alishauri maji yasinywewe. Wajumbe walitaka kujua sababu. Mheshimiwa alisema sababu ni siri. Wajumbe hawakuridhika. Mwanasheria Mkuu alihoji kwa nini Mheshimiwa alikuwa anajua habari za pipa kabla ya kikao. Waziri wa Vyakula na Subira alisema wazi kwamba Mheshimiwa analitaka lote kwa ajili yake, na si mara ya kwanza. Mheshimiwa alipiga magoti. Wajumbe walilichukulia hilo kuwa ni kukiri.

*Agenda ya 5: Uamuzi.* Iliamuliwa kwa kauli moja, ukiondoa Mheshimiwa Tego, kwamba maji yanywewe kwa kufuata vyeo, na kwa afya ya Mtukufu.

*Mengineyo:*

Hapo mwandishi hakuandika kitu. Alikuwa wa mwisho kwa cheo, na kikombe kilikuwa hakijamfikia.

Wakubwa walikwenda arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyerudi kibaoni pamoja na mwandishi. Nyayo za Mheshimiwa Tego madereva waliziona zikielekea upande ambao miaka yote redio ilisema yupo adui. Walizifuata kwa macho mpaka zilipoishia. Mtu akitafuta msaada huko na asimkute hata adui, hilo nalo ni jambo la kusikitisha.

Jioni hiyo hiyo redio ilitangaza kwamba Pigano la Mwisho limepiganwa na ushindi umepatikana, vita vimekwisha, na mashujaa arobaini na mmoja wametoa roho zao Kisima cha Saba kama ilivyochongwa. Wimbo wa asubuhi ukapigwa jioni. Naibu wa Mtukufu aliapishwa Ijumaa, na kabla ya kuapa aliomba kwanza kitabu cha kiapo kipimwe.

*

Ijumaa hiyo Vuai alirudi nyumbani. Bi Mize alimshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kushoto na kulia kama anayekagua kama ni ule ule. Kisha akalia, tena kwa sauti, hakujali ni nani anayehesabu.

Vuai akatoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani kulikuwa na bonge la chumvi ya mawe, la kijivu, alilolichimba chini ya kisima kikavu.

"Ulinituma, mama," akasema. "Nimechelewa."

Bi Mize alicheka huku machozi yakimtoka, akaipeleka jikoni, akaitwanga. Siku hiyo nyumba ya Fundi Ngwali ilinukia mchuzi wenye chumvi kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Walitandika mkeka, watatu, kama zamani. Kila mtu alikuwa mahali pake. Fundi Ngwali alitazama mke wake, akamtazama mwanawe, na kwa muda wa kumega tonge moja hakushuku kitu chochote duniani.

Bi Mize akateka maji mtungini, akajaza kikombe, akampa Vuai.

Vuai alikipokea, akakinusa. Akakaa nacho. Kisha akakiweka mkekani, akakisukuma taratibu mpaka mbele ya baba yake.

"Anza wewe, baba."

Bi Mize aliinamisha uso. Fundi Ngwali alikiinua kikombe kile, maji ya mtungi wake mwenyewe, akanywa mpaka nusu, akakirudisha. Na wote watatu wakakaa wakisubiri, chakula kikipoa.